Glavu za Sufu na Theluji ya Watu

Daktari akikwambia kwamba dawa utakayotiwa itakufanya usiweze kushika kitu cha baridi, usicheke. Mimi nilicheka. Nilimwambia, "Daktari, tuko Maskati, mwezi wa Septemba. Hiyo baridi ntaitoa wapi?" Akatabasamu kama mtu anayelijua shimo utakaloangukia, akanipa karatasi ya maelekezo nikaisome nyumbani. Sikuisoma.

Baridi iko kila pahala Maskati. Iko kwenye mpini wa mlango wa benki, kwenye marumaru ya msikiti, kwenye lifti, kwenye kiti cha gari iliyowashwa kiyoyozi nusu saa kabla hujaingia. Tumepewa nchi ya moto, tukaamua kuishi ndani ya friji. Siku ya pili baada ya dozi ya kwanza nilifungua friji yetu hapa Mabela kutafuta mtindi, na vidole vikapigwa kama nimeshika waya wa umeme. Mtindi ukaenda chini. Mke wangu Zuwena alikuwa anakaanga vitumbua, hata hakugeuka.

"Nini hicho?"

"Nimepigwa na shoti."

"Friji ina shoti?"

"Friji nzima. Mimi ndo nna shoti."

Akatazama sakafu, akanitazama mimi, akaenda kutafuta kitambaa. Kesho yake akanunua glavu za sufu, nyekundu, za watu wa nchi za baridi. Muuzaji alimuuliza anasafiri lini. Akamjibu zinakwenda jikoni.

Naandika haya kwa yule aliyepewa karatasi kama yangu na bado hajaisoma. Usitarajie shujaa. Mimi elimu yangu ni ya sekondari, na miaka thelathini nimekaa kitini kwenye duka la vipuri kule Ghala, nilipostaafu nikakihamishia kiti nyumbani. Sipendi safari, sipendi pikiniki, sipendi hata kwenda kupunga upepo, kwa sababu upepo ukitaka unajua mlango. Ugonjwa ulikuwa saratani ya utumbo. Nimeutaja mara moja, inatosha. Walinipasua mwezi wa Agosti, wakaukata, kisha wakaniambia nitatiwa dawa mara kumi na mbili, kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumapili. Nikitoka hospitali narudi na kichupa cha dawa kiunoni, kinadondosha polepole siku mbili nzima. Nilikiita mgeni. Kinakula na mimi, kinalala na mimi, na kuondoka hakitaki.

Ugonjwa tukauweza, kidogo kidogo. Kilichotushinda ni siri.

Binti yetu, Nasra, ni mmoja tu, na yuko Austria anasomea mambo ya maji, katika mji uliozungukwa na milima. Dada yangu mkubwa, Khola, alikuja siku nilipotoka kupasuliwa, akakaa, akanywa kahawa, akatoa hukumu.

"Mtoto haambiwi. Yuko ugenini peke yake. Mkimwambia ataacha masomo apande ndege, na akija atakufanyia nini? Atakutazama tu. Sisi tupo, tunakutazama."

Watu wetu ndivyo walivyo. Aliye mbali hapewi khabari ya ugonjwa. Hupewa khabari ya kupona, au ile nyengine. Hakuna aliyebisha.

Ila Nasra hupiga simu Jumapili. Dozi ya kwanza nikiwa nimelala na mrija mkononi, alipiga nyumbani akaniulizia. Zuwena hana kipaji cha uongo. Alibabaika, akasema neno la kwanza lililomjia.

"Baba yako kenda Yiti. Kuvua samaki."

Aliponipa khabari hiyo nilimtazama sana. Mimi natapika nikipanda mashua iliyofungwa kamba. "Katika uongo wote, Zuwena. Ungesema nimekwenda kwa kinyozi."

"Masaa sita kwa kinyozi? Na nywele zenyewe ndo hizo?"

Basi nikawa mvuvi, kila Jumapili ya pili. Na uongo ni kama mtoto mchanga, unataka kulishwa. Baada ya dozi ya tatu Nasra akataka picha ya samaki. Zuwena akaenda supamaketi akarudi na nguru mrefu kama mkono wangu, ametoka kwenye barafu wakati huo huo. Akanivua glavu, maana mvuvi gani huvaa glavu nyekundu, akanisimamisha uani kwenye ukuta mweupe.

"Mshike. Cheka."

Nilimshika. Vidole vikapiga kelele, mkono ukapiga kelele, taya likakaza. Picha ilitoka, mimi nimekenua meno yote kama mtu mwenye furaha kubwa, na nusu sekunde baadaye nguru alikuwa anateleza kwenye saruji kama yuko hai. Nasra akajibu kwa herufi tatu na samaki mmoja wa kuchora. Tukaona tumefaulu.

Mwezi wa Novemba ikaja picha kutoka kwake. Aliituma kwenye kundi la familia, akaifuta kabla ya dakika kwisha. Lakini mtu wa dozi ya tano hana kazi nyengine ila kutazama simu, niliiona. Nasra juu ya mlima mweupe, miguuni kafunga mbao mbili za kutelezea, na mgongoni, ndani ya begi, umetokeza mpini wa koleo.

Mbao nilizielewa. Koleo ndilo lililonisumbua. Mtu anakwenda matembezi na koleo la nini? Kazi ya koleo niliyoijua mimi ni zege.

Nikaiuliza simu, na simu ikanijibu. Koleo ni la kumfukua mwenzako.

Kumbe kule, nje ya njia zilizotengenezwa, theluji inaweza kukatika mlima mzima kama bamba na kushuka na watu. Kumbe kuna watu kazi yao kuipima kila siku, na kila alasiri wanatoa taarifa: khatari ni namba ngapi, kutoka moja mpaka tano, miteremko ipi, inayoelekea upande gani, kuanzia urefu gani. Nikaipata taarifa ya milima ya Nasra. Simu ilinifasiria kwa Kiarabu kibovu, nikaisoma yote, kesho yake tena. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nasubiri taarifa ya theluji kama wengine wanavyosubiri tamthilia. Vipimo vyangu mwenyewe sikuvisoma hivyo. Vyangu nilivikunja nikaviweka chini ya mto. Khatari ya milima ya watu ina namba na upande. Yangu ilikuwa na maneno marefu na daktari anayetazama kompyuta.

Na nilijifunza. Theluji ya mwanzo wa msimu, ikikaa siku nyingi kwenye baridi kavu, huwa chengachenga kama sukari, haishikani. Juu yake ikaanguka nyengine, nzuri, nyeupe, mtu akaona mlima umetulia. Chini kuna sukari. Haihitaji dhoruba. Mtu mmoja akipita anatosha.

Nikaanza kuyaona mambo ya nyumbani kwa macho hayo. Zuwena akiamka kimya nilimwambia Dada Khola kwenye simu, "Leo namba tatu. Tabaka dhaifu la zamani, toka ile harusi ya mpwa wangu niliyokataa kwenda. Tuepuke upande wa jikoni." Zuwena akasikia.

"Mtu hawezi kushika kipande cha barafu cha friji," akasema, "lakini theluji ya Austria anaijua khasa. Waite wakuajiri."

Chumba cha kusubiria dawa kilikuwa na kiyoyozi kilichoelekezwa shingoni kwangu, kiti chochote nilichokalia. Mimi na glavu zangu nyekundu, skafu, na chupa ya chai moto, nikaonekana kama mtu aliyeteremka kituo sicho. Huko ndiko nilikojuana na Prossy. Prossy ni kijana wa kike wa Uganda, anafanya kazi kwa bibi mmoja mzee aliyekuwa akitiwa dawa Jumapili zile zile. Bibi akishafungwa mrija husinzia, na Prossy hubaki kututazama sisi wengine.

"Mzee, leo huko kwa snow kukoje?" huniuliza.

"Namba mbili. Tatu juu ya mita elfu mbili."

"Yalla, basi tutafika nyumbani salama."

Yeye ndiye aliyenifundisha kunywa kila kitu kwa mrija wa plastiki kikiwa vuguvugu, na kuvaa soksi kabla ya kugusa sakafu, kwa sababu alimwona bibi yake akiteseka hivyo hivyo. Karatasi ya daktari iliyasema yote hayo, nilikuja kugundua baadaye. Lakini karatasi haikuchekeshi.

Dozi ya nane damu yangu ilikataa. Ilikuwa chini, nikarudishwa nyumbani, wiki iliyofuata nikarudishwa tena. Mara ya tatu, nikisubiri jibu, nikamweleza Prossy khabari ya Nasra na uvuvi wa Yiti. Nilidhani atacheka. Alicheka kwenye nguru. Kisha akamrekebishia bibi shuka.

"Mzee, haki, mimi mamangu aliniambia ako na malaria tu. Kila wiki malaria. Mimi nikawa natuma dawa ya malaria."

Nikangoja amalize. Hakuwa na zaidi.

"Hata wewe," akasema baadaye, "huyo mtoto ukimdanganya kuhusu samaki, siku utamwambia ukweli atajuaje?"

Nikamwambia nitafikiri. Kufikiri ni kazi ninayoiweza, hufanywa kwa kukaa.

Dozi ya tisa ilikuwa mwisho wa Januari. Wiki ile Austria ilianguka theluji siku tatu bila kupumzika, na upepo. Taarifa ikapanda: namba tatu Jumatano, namba nne Alkhamisi. Juu ya ile sukari ya Novemba, ambayo mimi naijua toka ikiwa changa, umelala mzigo wa zaidi ya mita moja. Ijumaa jua likatoka kule. Taarifa ilisema mandhari itakuwa nzuri sana, na kwamba hiyo ndiyo khatari yenyewe.

Alasiri hiyo Nasra akapiga, kwa picha. Huwa najiandaa: kofia yangu ya Kiomani kichwani, taa ya manjano ili rangi ya uso isionekane, mikono chini ya mto. Zuwena alikuwa ameipua mkate wa kumimina kwa ajili ya wageni, umewekwa mezani unapoa. Nasra alikuwa na furaha isiyo ya mtu anayekwenda maktaba.

"Kesho sitopatikana, Baba. Tunakwenda kusoma kwa rafiki yangu mmoja, huko hamna mtandao."

"Huyo rafiki anakaa urefu gani?"

"Nini?"

"Juu ya mita elfu mbili, au chini?"

Zuwena akanitazama.

"Na nyumba yake imeelekea wapi? Maana upande wa kaskazini, Nasra, leo ni namba nne. Mwanangu, usende."

"Baba, umejuaje... Mbona, watu wote wanakwenda. Theluji imeshatulia. Ungeiona."

"Imetulia juu."

Nikaona haelewi, au hataki. Na hapo nikasahau kila kitu. Nikavuta sinia, nikaliegemeza kwenye mto likawa mteremko, nikamwaga sukari nzima ya kopo juu yake, nikabeba mkate wa kumimina wa Zuwena nikaulaza juu ya sukari. Ukakaa. Mzuri, mweupe, umetulia.

"Tazama. Huo mlima wako. Na huyu wewe," nikasema, nikaugusa kwa kidole kimoja.

Mkate ulikwenda wote kwa pamoja. Ukavuka ukingo wa sinia, ukapita meza, ukaanguka kwenye zulia kifudifudi.

"Umeona? Kidole kimoja tu."

"Baba," Nasra akasema. "Mbona umevaa glavu?"

Nikaitazama mikono yangu. Miwili, myekundu, iko mbele ya simu.

"Anaogopa kuchafua mkate," Zuwena akasema haraka, mkate uko sakafuni.

"Glavu za sufu, Mama? Maskati?" Sauti yake ikaanza kupanda. "Baba, wewe huvui samaki. Yule nguru ana kibandiko cha supamaketi mkiani. Toka Oktoba nnakijua. Kila Jumapili ya pili hupatikani, siku mbili huongei vizuri, Mama anababaika. Nilishajua zamani. Niambie tu. Umeoa Yiti?"

Zuwena akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, karibu na mkate, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakaendelea kutikisika hata pale kicheko kilipokuwa kimeshakwisha. Nasra aliyaona hayo nyuma ya bega langu.

Basi nikamwambia. Nilivua kofia akaona kichwa, nikainua shati akaona kovu, nikamwonesha mpaka mgeni wangu alikokuwa akifungwa. Nilisema neno lile nililosema ntalitaja mara moja tu, kwa hiyo mniwie radhi, nimelitaja mara mbili.

Kisha akasema, "Bora ungekuwa umeoa."

"Na mimi nnasema hivyo hivyo," Zuwena akajibu kutoka kwenye zulia.

Nikamwambia Nasra, "Mimi sina haki ya kukukataza, nimekudanganya miezi mitano. Na wewe unakwenda milimani unasema unakwenda kusoma, tuko sawa. Lakini hiyo sukari nimeisoma kila siku toka ulipofuta ile picha. Katika hayo yote niliyokwambia mwaka huu, hilo tu la kweli. Usende kesho."

Alisema ana kazi, akakata simu.

Jumamosi nilimpigia saa mbili asubuhi. Simu imezimwa. Saa tatu, imezimwa. Kule juu hamna mtandao, mwenyewe alisema. Nikaifungua taarifa: namba nne, jua, mandhari nzuri. Nikakaa na simu mkononi, glavu mkononi, Zuwena akija kila mara kuuliza bila kuuliza. Dada Khola akaja, tukamweleza yote, akasema si alituambia mtoto haambiwi. Zuwena alimjibu kitu ambacho hajapata kumjibu mtu mkubwa, na mimi sitokiandika. Miezi yote ile sijaogopa hivyo. Niliogopa kisu, niliogopa vipimo, lakini hiyo ni hofu ya mtu aliyekaa. Jumamosi ile nilisimama. Nilizunguka uani kwenye jua mpaka adhuhuri, na nilipokaa nikajikuta nahesabu dakika ambazo mtu hudumu chini ya theluji, hesabu ambayo simu ilinipa Novemba na natamani isingenipa.

Baada ya magharibi mlango ukafunguliwa bila kugongwa. Nasra, na koti la baridi limefungwa kiunoni, na begi lile lile, mpini wa koleo umetokeza.

"Sikuwa na begi jengine," akasema.

Simu ilikuwa imezimwa kwenye ndege. Ndege mbili. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu anaweza kutuma ujumbe kabla ya kupanda. Yaani mtoto wetu kabisa, anaficha jambo jema kama tunavyoficha baya. Akasimama mbele yangu, asijue pa kushika. Mimi nikavua glavu. Mikono yake ilikuwa ya baridi, imetoka kwenye teksi. Iliuma sana. Sikuiachia.

Dada Khola alisema kweli: alikuja akanitazama tu. Alinitazama siku kumi. Alikaa chumba cha kusubiria akamsikiliza Prossy akimweleza nilivyokuwa nikilalamika, akajua ninavyopenda mto, akajua nakula nini siku ya nne. Mtu anayekutazama hivyo anakuchosha kidogo, na ukimkosa unajua. Nenda kamwambie aliye mbali. Huo ndio ushauri wangu wote. Ule wa soksi na mrija uko kwenye karatasi.

Alipoondoka tulipatana. Yeye atanambia mlima gani na upande gani, kabla, na mimi kila alasiri nitamtumia taarifa. Namba, khatari iko wapi, na mwendo unaofaa. "Namba tatu. Kutapika, khasa asubuhi. Epuka maswali." Na wenzake ule mlima walikwenda, wakarudi na pua zilizoungua jua. Ule mteremko haukushuka msimu mzima. Nasra ananikumbusha kila akipata nafasi, na mimi namwambia mkate ulishuka.

Dozi ya kumi na mbili niliimaliza Machi. Vipimo nilivichukua joto liliporudi, na safari hii nilivisoma mwenyewe, pale pale dirishani. Safi kwa sasa, rudi baada ya miezi mitatu. Wiki hiyo hiyo watu wa theluji walitoa taarifa yao ya mwisho: msimu umekwisha, hawatapima tena, theluji bado ipo hapa na pale, kila mtu atumie macho yake. Namba moja. Nilitafuta kama kuna sifuri. Haipo. Hawana kabisa.

Miguu yangu bado ina ganzi, natembea kama mtu aliyevaa soksi za mchanga. Lakini vidole vimerudi. Jana alasiri nilifungua friji bila glavu, nikashika chupa ya maji iliyoganda nusu, nikasimama pale naisikiliza baridi, baridi tu, baridi ya kawaida ya watu. Sijui nilikaa muda gani.

"Unanitolea baridi yote," Zuwena akasema nyuma yangu. "Friji si dirisha hilo. Toka."

Nikatoka, nikakaa kitini kwangu, nikamwandikia Nasra taarifa ya siku. Baba namba moja. Mama namba tatu na inapanda, miteremko yote inayoelekea jikoni.